Grini ya mazoezi ni ya nani?

Ndugu msikilizaji, leo nakuomba twende pamoja mahali ambapo wengi wetu hupita nje ya uzio wake tukiwa tumebanana ndani ya daladala, tukachungulia majani mabichi, kisha tukajisemea kimoyomoyo, "Hayo ni ya wenyewe." Nazungumzia klabu ya gofu. Wala sitakupeleka uwanjani kwenyewe, kwenye yale mashimo 18 ambayo ukiyazunguka kwa miguu hutumia saa nne au zaidi. Nataka tusimame pembeni, karibu na jengo la klabu, penye kipande cha ardhi ambacho mara nyingi hakizidi ukumbi mmoja wa harusi. Hapo ndipo wachezaji hufanya mazoezi ya mchezo mfupi, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, tabia ya klabu nzima huonekana bila kujificha.

Usibadili stesheni. Najua gofu si kandanda, na kabwela wa Manzese au Tandika ana mengine ya kufikiria. Lakini habari hii inamhusu kabwela pia, kama utakavyoona.

Kwanza, mchezo mfupi ni nini? Mtu asiyecheza gofu akilisikia neno hilo, humwona bwana mwenye kofia akizungusha fimbo kwa nguvu zote na mpira ukipotea angani. Hilo ni pigo refu. Mpira ukishafika karibu na shimo, tuseme hatua 40 au 50, nguvu haina kazi tena. Hapo kuna kuudokoa mpira uruke kidogo tu na kutua polepole, pigo ambalo wachezaji huliita chipu. Kuna kuutoa kwenye banka, yaani lile shimo pana la mchanga lililowekwa makusudi kuwatesa watu. Na kuna kuusukuma taratibu juu ya grini mpaka utumbukie. Grini ndiyo ile sehemu ya nyasi laini inayolizunguka shimo, nyasi zilizokatwa mpaka zikabaki kama zulia.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Uwanja wa kawaida hupimwa kwa mikwaju 72. Katika hiyo, kila shimo limetengewa mikwaju miwili ya kusukuma juu ya grini. Mashimo 18 mara mbili ni 36. Yaani nusu ya mchezo mzima, kwa kipimo cha wenye mchezo wenyewe, huchezwa mahali ambapo mtoto wa darasa la tatu ana nguvu za kutosha. Na hapo bado hujahesabu chipu wala banka. Ndiyo maana mchezaji mwenye busara hutumia saa moja kwenye mapigo marefu na saa mbili kwenye mchezo mfupi. Wengi hufanya kinyume, maana pigo refu lina sifa na watu hugeuka kutazama.

Basi, hao wenye busara wote hukutana kwenye kile kipande kidogo cha ardhi. Hakuna mwamuzi wala zamu iliyoandikwa. Yupo mkurugenzi wa kampuni, yupo daktari, yupo mgeni aliyelipia siku moja, yupo binti wa mwanachama aliyekuja na mwalimu wake, na kila mmoja ana mipira yake na haraka yake. Kazi hii ya utangazaji imenifikisha kwenye klabu kadhaa, nikiwa na kinasa sauti begani kuripoti mashindano, na kabla ya kumhoji bingwa yeyote nimejizoeza kusimama dakika kumi pembeni ya grini ya mazoezi. Hujifunza mengi hapo kuliko kwenye hotuba ya kukabidhi kombe.

Katika klabu nyingi kuna kibao, na maneno yake hufanana sana. Usipige chipu kwenye grini ya kusukumia. Usitumie mipira ya uwanja wa mapigo marefu. Usiwe na mipira zaidi ya mitatu kwa wakati mmoja. Ziba alama za mpira wako. Sawazisha mchanga wa banka. Usipige kutoka mbali kupita mstari uliowekwa. Mpishe anayekaribia kuitwa kuanza mchezo. Vibao vingine huongeza kwamba simu izimwe, agizo ambalo nimeona likivunjwa na watu wazima wenye heshima zao.

Chuoni tulikosomea uandishi wa habari tulifundishwa kwamba habari isiyojibu "kwa nini" ni nusu habari. Vibao hivi vinajibu "nini" na kunyamaza. Nadhani ndiyo maana havisomwi. Tuchukue hiyo sheria ya kutopiga chipu kwenye grini ya kusukumia, ambayo mgeni huiona kama ukorofi tu wa wenyeji.

Nyasi za grini katika joto la pwani yetu si nyasi za ajabu kutoka Ulaya. Kwa kawaida ni jamaa ya ukoka. Naam, ukoka huu huu unaotambaa uani kwako na kukusumbua kwenye bustani ya mchicha, ila ni mbegu chotara iliyochaguliwa kwa majani membamba. Tofauti iko kwenye matunzo. Grini hukatwa kwa mashine maalumu mpaka jani linabaki milimita nne au tano, pengine pungufu. Jani fupi namna hiyo lina nafasi ndogo sana ya kujitengenezea chakula kutokana na jua. Linaishi kwa shida, kama mfanyakazi anayekula mlo mmoja. Mpira ukidondoka juu yake kutoka angani hutengeneza kishimo, udongo hugandamizwa, mizizi hukatika. Kishimo kikizibwa vizuri papo hapo, baada ya siku chache hukioni. Kikiachwa, kinakuwa kovu la kahawia linaloweza kukaa wiki kadhaa, na kila mpira utakaopita hapo utayumba. Mtu mmoja anayepiga chipu 60 kwa saa moja huacha makovu mengi kuliko wachezaji wote waliopita grini ya shimo la kwanza siku ile.

Mtunza uwanja mmoja, mzee ambaye amekata nyasi tangu ujana wake, aliniita siku moja niinamishe mgongo. "Mwandishi, hebu tazama hapa," akasema, akinionyesha kishimo ambacho mtu alikuwa amejaribu kukiziba. Yule mtu alikuwa amechomeka kijiti na kuuinua udongo kutoka chini, kama anayeng'oa muhogo. Mzee akaniambia kwamba huyo ameua mara mbili, maana mizizi iliyokuwa imebaki ameikata yeye. Kisha akachukua kijiti chake cha ncha mbili, akachoma pembeni ya kishimo, akavuta nyasi za ukingoni kuelekea katikati, pande zote, akamaliza kwa kugusa taratibu na soli ya kiatu. Haikuchukua hata nusu dakika. Nilimshukuru kwa shikamoo ya pili, ingawa nilikwisha kumwamkia.

Hayo mengine ya kibao nayo yana sababu zake. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na ukingo wake ni udongo mtupu na nyasi. Wako wanaopenda kuutoa mpira shimoni kwa kichwa cha fimbo ili wasiiname. Ukingo humeguka, na mpira wa anayefuata uliokuwa unaingia huteleza pembeni. Mipira mitatu imewekwa kwa sababu mwenye mipira 30 huigeuza grini kuwa shamba lake, akatandaza mali mahali pote na wengine wakasubiri. Kupiga kutoka mbali kunakatazwa kwa ajili ya vichwa vya watu. Mpira wa gofu ni mgumu kama jiwe, na aliyeinama kusukuma hana habari na anayetupa makombora nyuma yake. Na ile ya kusogeza miguu, kwamba usipige chipu 50 ukiwa umesimama sehemu moja, ni ya kuzuia upara. Nyasi hazina namna ya kuota chini ya kisigino kisichoondoka.

Zamani, kabla klabu zetu nyingi hazijapata maji na mashine za kutosha, grini hazikuwa za nyasi. Zilikuwa za mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili usipeperuke, na kwa rangi yake wachezaji waliziita brauni. Kabla hujasukuma mpira, mtu alivuta ubao au gunia kusawazisha njia iliyochafuliwa na nyayo. Wazee wanaokumbuka enzi hizo husema adabu ilikuwa rahisi zaidi, kwani kila kosa liliandikwa mchangani. Mimi nadhani adabu ilikuwa rahisi kwa sababu aliyevuta gunia alikuwa kedi, si mwenye fimbo.

Nitarudi kwa kedi. Kwanza niseme neno juu ya kitabu cha sheria, kwa sababu kwenye grini za mazoezi nimesikia ubishi mwingi ambao kitabu kingeumaliza kwa mstari mmoja. Sheria za gofu husimamiwa duniani na vyombo viwili, R&A kule St Andrews, Scotland, na chama cha gofu cha Marekani, na zilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019. Sheria ya tano ndiyo inayozungumzia mazoezi. Siku ya mashindano ya kuhesabu mikwaju, huruhusiwi kwenda kufanya mazoezi uwanjani kabla ya raundi yako. Lakini unaruhusiwa kutumia sehemu za mazoezi, na unaruhusiwa kusukuma na kupiga chipu karibu na mahali utakapoanzia. Ukikosea mara ya kwanza unaongezewa mikwaju miwili, ukirudia unaondolewa mashindanoni. Katika mashindano ya mtu kwa mtu, sheria hulegea na unaweza kufanya mazoezi hata uwanjani, isipokuwa kamati imekataza.

Ukiwa katikati ya kucheza shimo huruhusiwi kabisa kupiga mpira wa mazoezi. Kati ya shimo na shimo unaruhusiwa kusukuma au kupiga chipu kwenye grini uliyoimaliza, au karibu na mahali pa kuanzia shimo linalofuata, ila si kutoka kwenye banka, na si kwa kuwachelewesha wenzako. Hata hiyo ruhusa kamati ya klabu inaweza kuifuta kwa sheria ya mahali. Na huu ndio mstari unaowashinda wengi: mpira wako wa mashindano ukipotea njia ukatua kwenye grini ya mazoezi, huruhusiwi kuupiga ulipo, kwa kawaida. Ni lazima uuondoe na kuudondosha nje, bila adhabu. Sheria yenyewe imeamua kwamba zile nyasi ni muhimu kuliko haki yako ya kuucheza mpira ulipolala. Tangu 2019 hata miguu yako ikiwa juu ya grini hiyo na mpira ukiwa nje, unatakiwa kuondoka.

Ajabu ni kwamba haikuwa hivi tangu mwanzo. Sheria za kwanza zinazojulikana ziliandikwa mwaka 1744 na wachezaji wa Leith, huko huko Scotland, nazo zilikuwa 13 tu. Ya kwanza iliamuru kwamba mpira wa kuanzia shimo linalofuata uwekwe ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka kwenye shimo ulilomaliza. Yaani walikuwa wakipiga mapigo yao makubwa pale pale wenzao waliposukumia. Watu walijifunza kidogo kidogo, baada ya kuharibu.

Sasa kedi. Mwezi uliopita msikilizaji wetu mmoja aliniandikia barua, akaomba nisimtaje jina wala klabu. Ana mdogo wake ambaye ni kedi, mbeba fimbo. Kijana huyo alipewa na mwanachama mmoja fimbo mbili zilizochakaa, ya kusukumia na ya kupigia chipu. Jioni moja, kazi zimekwisha, wanachama wameshaingia ndani kunywa, alisimama ukingoni mwa grini ya mazoezi akawa anajaribu chipu zake. Alifukuzwa na mlinzi. Alipouliza kosa, alionyeshwa kibao. Mstari wa mwisho ulisema, kwa herufi nyekundu: makedi hawaruhusiwi.

Nimeutafakari mstari huo kwa muda. Juu yake kuna mistari mingi ambayo nimeitetea hapa kwa dakika kadhaa, na ninaitetea bado. Yote inasema jinsi ya kuitumia ile ardhi ili anayefuata aikute salama. Mstari wa mwisho hausemi jinsi. Unasema nani. Umepandishwa kwenye kibao kimoja na hiyo mingine, kwa rangi ya ukali zaidi, mpaka mlinzi maskini anaamini kwamba kedi akisimama pale ni uharibifu sawa na kupiga shimo bila kuziba.

Nawaonea wanachama haki. Wanalipa ada, na ada ndiyo inayonunua dizeli ya mashine na mbolea ya grini. Mtu aliyelipa hapendi kukuta grini imejaa. Pia nimewahi kuona makedi wakicheza pata potea ya sarafu kwenye ukingo wa grini na kuacha vichungi vya sigara. Hayo yapo. Lakini nani huziba vishimo vya mipira kwenye viwanja vyetu? Mara nyingi ni kedi, huku mwenye mpira akitembea mbele na simu sikioni. Nani husawazisha banka? Nani humwambia bwana mkubwa kwamba mpira utakunja kushoto kiasi cha kikombe kimoja? Macho yanayoweza kusoma grini namna hiyo hayakupatikana kwa kutazama ukuta. Tunamtaka kijana ajue kila mteremko wa zile nyasi, halafu tunamkataza kuusukuma mpira wake mwenyewe juu yake.

Wapo watakaosema kedi ni kedi. Hao nitawakumbusha habari ya Seve Ballesteros. Alizaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Hispania, kando ya klabu ya wenye uwezo. Alikuwa kedi hapo, na makedi hawakuwa huru kucheza uwanjani. Basi akachukua fimbo moja kuukuu, akashuka ufukweni, akawa anapiga mipira kwenye mchanga wa bahari. Kwa kuwa fimbo ilikuwa moja tu, na haikutengenezwa kwa mapigo mafupi, ilimbidi aifundishe kufanya kila kitu: kudokoa, kutoa mchangani, kuinua juu, kuteleza chini. Mwaka 1978 alikuja hapa jirani, Nairobi, akashinda Kenya Open. Mwaka uliofuata akashinda mashindano makuu ya Uingereza, akayarudia 1984 na 1988, na kule Marekani akashinda Masters mara mbili, 1980 na 1983. Mpaka alipofariki mwaka 2011 wataalamu walikubaliana kwamba katika mchezo mfupi, hasa mchanga, walikuwa hawajaona mwingine kama yeye. Mtu anaweza kusema, kumbe kunyimwa grini ndiko kulikomfanya bingwa. Hapana. Ufukwe ndio uliomfanya bingwa, kwa kuwa ufukwe haukuwa na kibao. Kijana wa barua yangu hana ufukwe. Ana uchochoro wa nyumba ya kupanga wenye mtaro katikati.

Tusisahau pia kwamba klabu nyingi za Afrika Mashariki zilianzishwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, kama kedi, mpishi au mkata nyasi. Uhuru ulipokuja, wanachama walibadilika, na ni jambo jema. Vibao vingine vilipakwa rangi upya bila kusomwa.

Mimi si mwanachama, kwa hiyo sina kura kwenye mkutano mkuu wa klabu yoyote. Lakini wanachama wengi husoma gazeti hili asubuhi na chai yao, na kwao ninalo pendekezo. Yako mataifa na klabu ambako makedi hutengewa siku ya Jumatatu, wakati wanachama wako maofisini. Chukueni Jumatatu hiyo, na kwenye grini ya mazoezi ongezeni saa moja ya jioni kwa siku zingine mbili. Wekeni sheria zile zile: mipira mitatu, hakuna chipu kwenye grini ya kusukumia, kila kishimo kizibwe, miguu isogezwe. Mchagueni kedi mmoja mkubwa asimamie, na atakayeacha kovu apoteze nafasi yake wiki nzima. Mwanachama akitokea na mashindano yako kesho, apishwe kama anavyopishwa leo. Na kwa kuwa fimbo hazitoshi, kila mwenye nyumba ya fimbo ana fimbo ya kusukumia aliyoinunua kwa hasira baada ya kushindwa na kuitupa stoo. Zikusanywe.

Kuhusu mstari wa herufi nyekundu, kopo dogo la rangi nyeupe linatosha.